Mgogoro wa Wanafalaki na Kanisa: Nani Mwenye Mamlaka ya Kusema Lipi ni Kweli?

Katika mafunzo ya itikadi jina la Galileo Galilei hutajwa mara nyingi, na karibu kila mara hutajwa kwa namna moja. Husemwa kwamba palikuwa na mwanasayansi shujaa aliyegundua kuwa dunia inalizunguka jua. Kwamba mapadri, kwa ujinga wao, wakamfunga. Na kwamba tangu hapo sayansi na dini ni maadui. Hadithi hiyo ni fupi, inaeleweka upesi na inapigiwa makofi. Kasoro yake ni kwamba nusu yake si kweli, na nusu iliyo kweli haielezi kitu. Haielezi kwa nini kitabu cha Nicolaus Copernicus, chenye hoja ile ile, kilisomwa kwa miaka 73 kabla ya kupigwa marufuku. Haielezi kwa nini mapadri Wajesuiti wa Roma walimwandalia Galileo sherehe mwaka 1611, wala kwa nini Kanisa lile lile likamhukumu mwaka 1633. Mtu anayetaka kuielewa historia kwa misingi ya uyakinifu hawezi kuridhika na maelezo kwamba matukio makubwa yaliletwa na ujinga wa watu fulani. Ujinga upo siku zote. Inatupasa tuulize ni kitu gani kilichoupa ujinga huo, wakati ule na mahali pale, mahakama, jela na askari.

Tunaanza na jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba elimu ya falaki ilizaliwa na kazi. Mkulima alihitaji kujua mvua zinakaribia lini, mfugaji alihitaji kujua lini ahame na mifugo yake, na baharia alihitaji kujua njia usiku. Katika pwani yetu kundi la nyota liitwalo kilimia lilipewa jina hilo kutokana na kulima, na manahodha wa majahazi walivuka Bahari ya Hindi kwa kuzitazama nyota. Huko Misri ya kale kuchomoza alfajiri kwa nyota ing'aayo kuliko zote kulitangulia mafuriko ya mto Nile, na bila mafuriko hayo hapakuwa na mavuno wala kodi. Aliyeishika kalenda alishika ratiba ya uzalishaji mali wa nchi nzima. Si ajabu basi kwamba katika jamii nyingi zenye matabaka kalenda iliwekwa mikononi mwa makuhani.

Kwa hiyo dini haikuanza kama adui wa falaki. Ilianza kama mlezi wake. Katika nchi za Kiislamu haja ya kujua kibla na nyakati za swala iliwapa wanafalaki ajira na heshima. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus. Hesabu zake juu ya mwendo wa mwezi ni sawa na zile alizokuja kuzitumia Copernicus, jambo ambalo wanahistoria walilitambua katika miaka ya 1950 tu. Kanisa Katoliki nalo lilihitaji falaki kwa ajili ya kupanga tarehe ya Pasaka. Mwaka wa kalenda ya Julius Caesar ulikuwa mrefu kuliko mwaka wa jua kwa dakika zipatazo 11, na dakika hizo, zikikusanyika karne baada ya karne, zilikuwa zimeipotosha kalenda kwa siku 10. Papa Gregory wa XIII alipoirekebisha mwaka 1582, tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na tarehe 15 Oktoba, na miongoni mwa wataalamu wakuu wa kazi hiyo alikuwa padri Mjesuiti, Christopher Clavius. Watu waliofanya hesabu ya namna hiyo hawakuwa wajinga.

Lakini mlezi ana masharti yake, na mtaalamu anayelishwa na wakubwa husimama wanaposimama na huanguka wanapoanguka. Mwaka 1577 nyota yenye mkia ilionekana duniani kote. Mjini Istanbul iliangaliwa na Taqi al-Din, aliyekuwa amejengewa kituo cha kuangalia nyota kwa ufadhili wa Sultani Murad III na kwa kuungwa mkono na Waziri Mkuu Sokollu Mehmed Pasha. Waziri huyo aliuawa mwaka 1579. Mapema mwaka 1580 Sultani, akiwa ameshauriwa na Sheikh al-Islam, aliamuru kituo kibomolewe. Nyota ile ile iliangaliwa na Tycho Brahe katika kisiwa cha Hven, alichopewa na Mfalme Frederick II wa Denmark. Vipimo vyake vilionyesha kuwa ilikuwa mbali kuliko mwezi, mahali ambapo wanachuo wa wakati ule walifundisha kwamba hakuna kitu kinachoweza kubadilika. Mfalme alifariki mwaka 1588, wakubwa wapya hawakumpenda Tycho, na mwaka 1597 alihama kisiwa. Mmoja alikuwa Mwislamu na mwingine Mprotestanti. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na chombo chake mwenyewe, wala umma uliokuwa tayari kumtetea. Mambo hayo tuyakumbuke tutakapomfikia Galileo.

Jengo la imani na jengo la mali

Katika Ulaya ya karne ya 16 Kanisa halikuwa nyumba ya sala tu. Lilikuwa kabaila mkubwa lenye mashamba na watwana, lilikusanya fungu la kumi, lilikuwa na mahakama zake na lilisimamia vyuo vikuu. Picha ya ulimwengu iliyofundishwa vyuoni humo ilitoka kwa Wayunani, Aristotle na Ptolemy: dunia imetulia katikati, na jua, mwezi na sayari vinaizunguka katika matabaka ya mbingu zisizobadilika. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliunganisha falsafa ya Aristotle na mafundisho ya Kanisa kwa ustadi mkubwa, hata ikawa kuchomoa tofali moja ni kutikisa ukuta mzima. Wako wachambuzi wanaosema kwamba mbingu zile zilizopangwa kwa ngazi zilikuwa kivuli cha ukabaila, mfalme juu na mtwana chini. Kuna ukweli ndani yake, lakini tusiutumie kama ufunguo wa kila mlango, kwa sababu Aristotle aliandika katika jamii ya watumwa, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya makabaila hao.

Lililo muhimu zaidi ni hali ya kisiasa. Kuanzia mwaka 1517 Martin Luther na wenzake walilipasua Kanisa la Magharibi. Wafalme na watawala wadogo wa Kijerumani waliona nafasi ya kunyakua ardhi na mapato ya Kanisa, wakulima waliona nafasi ya kudai haki zao, na kila aliyejua kusoma alianza kuifasiri Biblia mwenyewe. Kanisa lilijibu katika Mtaguso wa Trento, uliofanyika kwa vipindi kati ya 1545 na 1563. Mwaka 1546 mtaguso huo uliamua kwamba, katika mambo ya imani na maadili, hakuna mtu anayeruhusiwa kuyafasiri Maandiko kinyume cha maana inayoshikwa na Kanisa, wala kinyume cha makubaliano ya Mababa wake. Amri hiyo ililengwa kwa Waprotestanti. Lakini silaha ikishatengenezwa haichagui shabaha: miaka 70 baadaye iligeuzwa kuelekezwa kwa wanafalaki.

Waprotestanti nao wasitolewe makosani. Copernicus alikuwa mjumbe wa baraza la kanisa kuu la Frombork, akiishi kwa mapato ya ardhi ya Kanisa, na kitabu chake cha mwaka 1543 alikitolea kwa Papa Paul III. Ni Andreas Osiander, mhubiri wa Kilutheri aliyesimamia uchapaji wake Nuremberg, aliyechomeka dibaji isiyo na jina lake akisema kwamba maelezo yaliyomo ni makisio ya kurahisisha hesabu tu, yasichukuliwe kuwa kweli. Johannes Kepler, aliyegundua kwamba njia za sayari si duara kamili, alifukuzwa Graz na Wakatoliki mwaka 1600 kwa kuwa Mprotestanti. Halafu huko Linz Walutheri wenzake wakamnyima ushirika wa meza ya Bwana kwa sababu hakukubali kutia saini kila kifungu cha mafundisho yao. Mama yake, Katharina, alishtakiwa kwa uchawi na kukaa kifungoni miezi 14. Kepler, mwanafalaki wa mfalme, aliacha kazi yake akaenda kumtetea mahakamani mpaka akaachiliwa mwaka 1621.

Giordano Bruno, aliyechomwa moto Roma tarehe 17 Februari 1600, huwekwa katika orodha ya mashahidi wa falaki. Alifundisha kweli kwamba ulimwengu hauna mwisho na kwamba zipo dunia nyingi, lakini mashtaka yake yalihusu zaidi Utatu Mtakatifu na mafundisho mengine ya msingi ya Ukristo. Kumchoma mtu kwa mawazo yake ni unyama, hata kama mawazo hayo hayahusu nyota, na hatuoni sababu ya kuyabadilisha mashtaka yake ili afae katika hoja zetu.

Mafundi wa miwani na maseneta wa Venice

Chombo kilichozua balaa hakikutoka chuo kikuu chochote. Kilitoka katika karakana za mafundi wa miwani wa Uholanzi. Mwaka 1608 fundi Hans Lipperhey wa Middelburg aliomba hati ya kumiliki uvumbuzi wa bomba lenye lenzi mbili linalovuta karibu vitu vya mbali. Uholanzi ilikuwa vitani na Hispania na ilikuwa nchi ya wafanyabiashara wa baharini. Faida ya chombo hicho ilionekana papo hapo. Galileo, wakati huo mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Padua chini ya Jamhuri ya Venice, alisikia habari hizo mwaka 1609 akajitengenezea cha kwake, akikisaga na kukirekebisha mwenyewe. Mwezi Agosti aliwapandisha maseneta wa Venice juu ya mnara, nao wakaziona meli saa mbili kabla hazijaonekana kwa macho matupu. Maseneta hao walikuwa wafanyabiashara, na saa mbili kwa mfanyabiashara ni fedha. Walimwongezea mshahara hadi florini 1,000 kwa mwaka.

Kisha akakigeuza chombo juu. Aliona milima mwezini, na Januari 1610 akaona nyota ndogo nne zikizunguka sayari ya Mushtarii. Palikuwa na vitu mbinguni visivyoizunguka dunia. Machi 1610 alichapisha kitabu kidogo, nakala 550, na nyota zile nne akazipa jina la ukoo wa Medici, watawala wa Toscana. Zawadi ilirudi upesi: aliitwa Florence kuwa mwanahisabati na mwanafalsafa wa mtawala, bila wajibu wa kufundisha. Ndipo alipoiacha Venice, dola iliyokuwa imeonyesha katika ugomvi wake na Papa wa 1606 na 1607 kwamba inaweza kukataa amri za Roma, na iliyokuwa imewafukuza Wajesuiti. Rafiki yake Sagredo alimwonya kwa barua mwaka 1611 juu ya hatari ya mahali alikokwenda. Sisi tunaona kwamba onyo hilo lilikuwa la haki. Galileo alibadilisha ulinzi wa jamhuri kwa posho ya kabaila mmoja, na siku ya siku ilipofika mrithi wa kabaila huyo alimpa machela ya kumpeleka Roma.

Ushahidi wenyewe tuueleze kwa uaminifu. Mwishoni mwa 1610 Galileo aliona kwamba Zuhura huandama na kupevuka kama mwezi. Hiyo ilimaanisha kwamba sayari hiyo inalizunguka jua, na mfumo wa Ptolemy ukaporomoka. Wajesuiti wa Roma walithibitisha aliyoyaona. Lakini palikuwa na mfumo wa tatu, wa Tycho Brahe, ambamo sayari hulizunguka jua na jua huizunguka dunia, nao ulikubaliana na Zuhura vilevile. Tena, kama dunia husafiri, basi nyota za mbali zilipaswa kuonekana zikihama kidogo kati ya Januari na Julai, kama mti unavyoonekana kuhama mbele ya kilima kwa mtu aliye ndani ya basi. Hakuna aliyekuwa ameuona uhamaji huo. Galileo aliitegemea mno hoja ya maji kujaa na kupwa, akidai kwamba bahari huyumba kwa sababu dunia inakwenda. Kepler alisema ni mwezi unaoyavuta maji, Galileo akamcheka. Mvuvi yeyote wa Kilwa au Bagamoyo angemwambia kwamba bamvua na maji mafu hufuata siku za mwezi. Palikuwa basi na nafasi ya kubishana kwa haki, kipimo dhidi ya kipimo, na mabishano hayo yangeweza kuchukua miaka mingi bila mtu kuumia.

Kutoka onyo hadi hukumu

Mambo mawili yaliufanya ubishi wa kitaalamu kuwa kesi. La kwanza ni lugha. Copernicus aliandika kwa Kilatini na kwa hesabu ngumu. Wasomaji wake walikuwa wachache na wote walijulikana. Kitabu cha Galileo juu ya madoa ya jua, kilichotoka mwaka 1613, kilikuwa kwa Kitaliano, na katika barua ya mwaka 1612 alikuwa ameeleza sababu: alitaka watu wasiokwenda vyuoni nao waone kwamba maumbile yaliwapa macho ya kutazama na akili ya kuelewa. Kuna wenzetu wanaolichukulia suala la lugha kama pambo la utamaduni. Wakubwa wa Roma hawakulichukulia hivyo. Elimu iliyofungwa katika Kilatini ilikuwa elimu iliyo chini ya ulinzi.

La pili ni ufasiri. Mwishoni mwa 1614 padri Mdominiko, Tommaso Caccini, aliwashambulia wanahisabati kutoka mimbarini mjini Florence. Wapinzani walitumia kisa cha Yoshua kulisimamisha jua: lingesimamishwaje kama halikuwa likienda? Galileo alijibu kwa barua ndefu ya mwaka 1615, aliyoiandika kwa mama wa mtawala wa Toscana, akisema kwamba Maandiko yalisema kwa lugha ya watu wa kawaida na hayakukusudiwa kufundisha falaki. Hoja hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Augustine, mmoja wa Mababa wa Kanisa, aliwahi kutahadharisha katika njia hiyo. Lakini Galileo hakuwa padri. Alikuwa mtu wa kawaida anayewafundisha wanateolojia namna ya kuisoma Biblia, katikati ya vita na Waprotestanti waliodai haki hiyo hiyo. Aliugusa ukiritimba wao.

Kadinali Robert Bellarmine, mwenye akili kuliko wengi wa upande wake, aliandika Aprili 1615 kwamba ikipatikana hoja ya hakika ya kuthibitisha mwendo wa dunia, itabidi Maandiko yafasiriwe upya kwa uangalifu, lakini yeye hakuamini kwamba hoja hiyo ipo. Kwa maneno mengine alikuwa ameacha mlango wazi. Walioufunga ni washauri wa Baraza la Kuchunguza Imani, wote wanateolojia, waliopewa swali mnamo Februari 1616 na kurudisha jibu kwa siku chache. Tarehe 24 Februari walisema kwamba kulidhani jua limesimama katikati ni upumbavu katika falsafa na ni uzushi katika imani. Tarehe 5 Machi kitabu cha Copernicus kilisimamishwa mpaka kisahihishwe. Masahihisho yalitangazwa mwaka 1620, nayo yalikuwa sentensi chache: mahali Copernicus aliposema dunia inakwenda, isomeke kwamba inadhaniwa tu.

Hapo ndipo ilipozaliwa hati moja ambayo kila mtumishi wa ofisi anayeshika majalada anapaswa kuijua. Tarehe 26 Februari 1616 Bellarmine alimwita Galileo na kumwarifu kwamba asiishike wala kuitetea rai ya Copernicus. Galileo alikubali, na mwezi Mei, uvumi ulipoenea kwamba ameadhibiwa, Bellarmine alimpa cheti kinachosema kwamba hakuadhibiwa bali aliarifiwa tu. Lakini ndani ya jalada la Baraza iliwekwa taarifa nyingine, isiyo na saini ya Galileo, ya Bellarmine wala ya shahidi yeyote, isemayo kwamba alikatazwa kuishika, kuitetea au kuifundisha rai hiyo kwa namna yoyote ile, kwa mdomo au kwa maandishi. Taarifa hiyo ililala kimya miaka 16.

Mwaka 1623 Maffeo Barberini, aliyempenda na kumsifu Galileo, alichaguliwa kuwa Papa Urban VIII. Galileo akaona njia nyeupe. Aliandika kitabu cha mazungumzo ya watu watatu juu ya mifumo miwili ya ulimwengu, tena kwa Kitaliano, akakipeleka kwa wakaguzi. Padri Niccolò Riccardi, mkaguzi wa vitabu wa Papa, alisitasita, akadai marekebisho, mwishowe ruhusa ikatolewa. Kitabu kilitoka Florence Februari 1632 kikiwa na vibali vyote vimechapwa ndani yake. Tuseme wazi: mtu huyu hakuchapisha kwa siri. Alifuata utaratibu. Kosa lake la kisiasa lilikuwa kuiweka hoja aipendayo Papa, kwamba Mungu anaweza kuyatenda maumbile kwa njia nyingi tusizozijua, katika kinywa cha Simplicio, yule mzungumzaji anayeshindwa ukurasa baada ya ukurasa.

Wakati ule Ulaya ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Thelathini. Papa alikuwa akiegemea Ufaransa, na Ufaransa ilikuwa ikiwasaidia Waswidi wa Kiprotestanti. Machi 1632 Kadinali Borgia, balozi wa Hispania, alimlaumu Papa hadharani mbele ya makadinali kwa kuwalegezea wazushi. Mtawala anayeshukiwa ulegevu hutafuta mahali pa kuonyesha ukali, na mara nyingi hapati mahali rahisi zaidi ya rafiki asiye na jeshi. Kitabu kilizuiwa, jalada likafunguliwa, na ile taarifa isiyo na saini ikaonekana. Galileo alipofika mbele ya Baraza Aprili 1633 alitoa cheti cha Bellarmine. Bellarmine mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1621. Shtaka likawa kwamba amevunja amri na kwamba amewaficha wakaguzi amri hiyo walipompa kibali. Swali la kama dunia inakwenda au haiendi halikuchunguzwa mahakamani hata siku moja. Lilikuwa limekwisha kuamuliwa mwaka 1616, na kulifungua tena kungekuwa kukiri kwamba ofisi iliwahi kukosea.

Tarehe 22 Juni 1633, akiwa na umri wa miaka 69, alisomewa hukumu: anashukiwa sana kwa uzushi. Alipiga magoti akakana. Masimulizi kwamba aliinuka akinong'ona kuwa hata hivyo inakwenda hayana ushahidi wa siku ile, na wala hayahitajiki. Kati ya makadinali kumi wa Baraza, saba ndio waliotia saini. Kifungo chake kilibadilishwa kuwa cha nyumbani, na huko Arcetri, akiwa anapofuka, alimaliza kitabu chake kikubwa kuliko vyote, juu ya nguvu za vitu na mwendo. Kitabu hicho kinaanza kwa kuwasifu mafundi wa karakana ya meli ya Venice, na kilichapwa mwaka 1638 huko Leiden, Uholanzi, nchi ya mafundi wa miwani.

Hukumu ilipelekwa sehemu mbalimbali isomwe mbele ya walimu wa hesabu na falsafa. René Descartes, aliyekuwa akiishi Uholanzi, mbali na mkono wa Roma, alikificha kitabu chake juu ya ulimwengu kilichokuwa karibu kuchapwa. Falaki ya Italia haikufa. Padri Giovanni Battista Riccioli, Mjesuiti, alitoa mwaka 1651 kitabu kikubwa chenye ramani ya mwezi, na moja ya mashimo makubwa ya mwezini akaliita Copernicus, ingawa katika maandishi alitakiwa kumpinga. Hiyo ndiyo hasara ambayo hesabu za wafungwa na waliouawa haziionyeshi: watu wenye ujuzi wanajifunza kusema kwa mafumbo, na anayesoma habaini lipi mwandishi analiamini na lipi ameliandika ili alale salama.

Msomaji wa jarida la nadharia anaweza kuyasoma haya yote kwa raha, akidhani yanawahusu watu wa kanzu na misalaba. Hatuwezi kumwachia raha hiyo. Katika Umoja wa Kisovyeti, nchi iliyoondoa mamlaka ya makanisa na kujenga vituo vya falaki kwa jina la sayansi, wanafalaki wengi wa kituo cha Pulkovo walikamatwa mwaka 1936 na 1937. Mkurugenzi wao, Boris Gerasimovich, aliuawa 1937. Nikolai Kozyrev alikaa kifungoni mpaka 1946. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mbegu aliyekusanya aina za mazao kutoka pande nyingi za dunia, alifia gerezani mwaka 1943, na mwaka 1948 mkutano wa chuo cha sayansi za kilimo uliutangaza ujuzi wake wa urithi wa viumbe kuwa ni wa kibepari, kwa sababu Trofim Lysenko alitamka kwamba Kamati Kuu ya chama imekwisha kuipitisha taarifa yake. Hapakuwa na Biblia mezani. Palikuwa na jalada, palikuwa na ofisi isiyokosea, na palikuwa na watu wazima wakiinuka mmoja mmoja kukana walichokipima kwa mikono yao.

Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642. Mtawala wa Toscana alitaka kumjengea kaburi la heshima katika kanisa la Santa Croce, Papa akakataa, naye akazikwa kwenye chumba kidogo cha pembeni mpaka mwaka 1737, mabaki yake yalipohamishiwa ndani ya kanisa. Mwaka 1820 padri Giuseppe Settele, mwalimu wa falaki mjini Roma, aliruhusiwa kufundisha kitabuni mwendo wa dunia kuwa kweli, baada ya mkaguzi wa vitabu kupambana hadi mwisho kumzuia. Katika toleo la 1835 la Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa vitabu vya Copernicus, Kepler na Galileo havikuwemo tena, hapakutolewa maelezo. Tamko la Papa John Paul II kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea lilikuja tarehe 31 Oktoba 1992. Na ule uhamaji mdogo wa nyota za mbali, ambao mtu wa 1616 alikuwa na haki ya kuudai kama ushahidi, Friedrich Bessel aliupima huko Königsberg na kuutangaza mwaka 1838, miaka mitatu baada ya vitabu hivyo kuondolewa katika orodha.